Kizingiti cha Juu na Kizingiti cha Chini: Utata wa Neno Moja katika Kazi ya Fundi, kwa Mfano wa Mlango wa Ndani Igogo, Mwanza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matumizi ya neno kizingiti katika kazi moja ndogo ya ujenzi, nayo ni kuweka ubao wa chini katika mlango wa ndani uliofunguliwa kwenye ukuta wa matofali. Mfano umechukuliwa kutoka mazingira ya Igogo, jijini Mwanza, ambako nyumba hujengwa juu ya miteremko ya miamba na sakafu za vyumba vya nyumba moja huweza kutofautiana kimo. Inaelezwa kwamba utata wa neno hili, ambalo kamusi za awali zimelipa maana ya sehemu ya juu na ya chini ya mlango kwa pamoja, hauleti taabu kubwa katika mazungumzo, lakini huleta hasara katika maelekezo yaliyoandikwa. Kwa kuzingatia maana za neno hili nje ya mlango pamoja na msamiati wa mafundi wenyewe, inapendekezwa kuwa kizingiti kibakie kuwa istilahi ya sehemu ya chini peke yake.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umeelekea kwa muda mrefu kwenye taaluma za darasani. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, kupitia kuanzishwa kwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964 na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, hadi kuundwa kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, nguvu kubwa imetumika kusanifisha lugha, kutunga kamusi na kutafuta maneno ya fizikia, biolojia, sheria, isimu na fasihi. Istilahi za kazi za mikono hazikupata uangalizi wa kiasi hicho. Yaelekea sababu yake ni dhana kwamba fundi ana maneno yake tayari, na kwamba hahitaji msaada wa mwanaisimu.

Dhana hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba fundi hashindwi kumweleza msaidizi wake jambo analolitaka. Hata hivyo, uwezo huo hutegemea kuwapo kwao wawili mahali pamoja, mbele ya ukuta mmoja, huku mmoja akinyoosha kidole na mwingine akiuliza. Mambo hubadilika pale maelekezo yanapoandikwa katika kitabu cha mafunzo, katika mtihani wa ufundi au katika mkataba baina ya mwenye nyumba na mjenzi. Tangu Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, haja ya maandishi ya namna hiyo katika useremala na uashi imekuwa dhahiri zaidi. Maandishi hayaulizwi swali yakajibu. Neno lenye maana mbili likiingia humo, msomaji huchagua mwenyewe, na akikosea hasara huwa ni yake.

Makala haya yanachukua neno moja na kazi moja ili kuonyesha jambo hilo. Neno ni kizingiti. Kazi ni ile ya kulaza ubao juu ya matofali katika mlango wa ndani. Sentensi za mfano zilizotumika zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi.

2.0 Kizingiti katika kamusi na katika matumizi

2.1 Neno lenye mahali pawili

Kamusi za awali za Kiswahili na Kiingereza, mathalani ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903 na ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson ya mwaka 1939, zililieleza neno kizingiti kuwa ni kipande cha juu au cha chini cha fremu ya mlango au dirisha. Pamoja na maana hiyo, zilitaja maana ya pili: kizuizi katika mto au majini, kiwe cha maumbile au kilichojengwa na watu. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha aliyetegemea kamusi hizo alijifunza kwamba kizingiti kipo juu ya kichwa chake na pia chini ya unyayo wake.

Watafsiri wa Biblia waliuona utata huo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, ambapo Waisraeli wanaagizwa kupaka damu milangoni, tafsiri ya Kiswahili ijulikanayo kama Union Version haikuridhika na neno kizingiti peke yake. Iliongeza sifa ikawa kizingiti cha juu. Nyongeza hiyo haikuwa pambo. Bila hiyo msomaji angeweza kudhani kwamba damu ilipakwa mahali panapokanyagwa, na maana ya agizo zima ingepotea.

Katika usanifu wa pwani hali ni tofauti kidogo. Kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na ya Lamu, kizingiti cha juu ndicho chenye heshima. Hapo ndipo huchongwa maua, aya za Kurani na, katika baadhi ya milango, tarehe. Cha chini huachwa bila nakshi nyingi kwa kuwa kazi yake ni kukanyagwa na kurukwa. Anayezungumzia sanaa ya milango hiyo akisema kizingiti bila sifa, msikilizaji aliyezoea mada huelewa kuwa ni kile cha juu.

2.2 Muktadha unavyoondoa utata

Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hausumbui. Sentensi zifuatazo zaweza kuangaliwa:

(1) a. Mgeni alisimama kizingitini akabisha hodi.
    b. Mtoto alijikwaa kwenye kizingiti.
    c. Kijana aligonga paji la uso kwenye kizingiti kwa sababu ya urefu wake.
    d. Aya imechongwa kwenye kizingiti.

Katika (1a) na (1b) vitenzi simama na jikwaa vinahitaji mahali pa miguu, na kwa hiyo kizingiti ni cha chini. Katika (1c) paji la uso linakipeleka kizingiti juu. Katika (1d) ujuzi wa msikilizaji kuhusu milango ya nakshi ndio unaoamua. Kwa ufupi, neno lenyewe halisemi ni wapi. Mahali panasemwa na kitenzi, na kiungo cha mwili kinachotajwa, au na maarifa ya wazungumzaji.

Sasa sentensi hizo zilinganishwe na maelekezo ya kazi:

(2) a. Pima kizingiti kabla ya kununua ubao.
    b. Kizingiti kimepinda, kibadilishwe.
    c. Acha nafasi ya milimita tatu baina ya mlango na kizingiti.

Vitenzi pima, badilisha na acha havichagui juu wala chini. Hakuna kiungo cha mwili kinachotajwa. Sentensi (2c) ni ya hatari zaidi kwa sababu inatoa kipimo halisi. Milimita tatu juu ya mlango ni nafasi ya kuuzuia usisuguane na fremu unapovimba wakati wa mvua. Chini ya mlango, nafasi hiyo hiyo huwa finyu mno pale ambapo mkeka au zulia hutandikwa. Tarakimu ni moja, lakini matokeo ni mawili.

Katika mazungumzo, utata wa namna hii huondolewa kwa swali:

(3) Mwenye nyumba: Fundi, nakuomba unibadilishie kizingiti cha chumba cha watoto.
    Fundi: Cha juu au cha chini, mama?
    Mwenye nyumba: Cha chini, baba. Kile kinachoingiza maji.

Jibu la mwisho katika (3) linastahili kuangaliwa kwa makini. Mwenye nyumba hakuishia kwenye cha chini. Alikitambulisha kizingiti kwa kazi yake, yaani kuzuia maji, na kwa kushindwa kwake kuifanya kazi hiyo. Hoja hii itarejewa katika sehemu ya 5.0.

3.0 Mlango wa ndani katika mazingira ya Igogo

Igogo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa kitovu cha Mwanza, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Upande wa chini, karibu na ziwa, ipo reli, ambayo ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na vipo viwanda, vikiwemo vya kusindika minofu ya sangara. Upande wa juu ni mlima wa mawe ya matale, na juu ya mawe hayo na katikati yake zimejengwa nyumba za watu. Wakazi wa jiji hili ni Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wahaya, Waluo na wengine wengi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha katika kazi, na ndicho lugha ya fundi na mteja hata pale ambapo kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani.

Mteremko wa mlima ndio unaoeleza tatizo la mlango wa ndani. Nyumba za mlimani hukua kidogo kidogo. Familia hujenga chumba kimoja au viwili, kisha fedha zikipatikana huongeza kingine upande wa juu au wa chini wa mteremko. Chumba kipya hakiwezi kila mara kupata sakafu yenye kimo sawa na cha zamani, kwa sababu mwamba hauchimbiki kwa sururu na kujaza udongo na mawe ni gharama. Ukuta uliokuwa wa nje hugeuka kuwa wa ndani. Ili vyumba viwili viunganishwe, ukuta huo hutobolewa, au dirisha la zamani hushushwa hadi chini likawa mlango.

Ukuta ukikatwa namna hiyo, chini yake hubakia mstari wa matofali yaliyovunjika, upande mmoja ukiwa juu ya sakafu mpya na upande mwingine ukiwa chini au sawa na sakafu ya zamani. Matofali hayo hayawezi kuachwa wazi. Kuyapaka saruji peke yake kunasaidia kwa muda, lakini kona ya saruji inayokanyagwa kila siku humeguka. Aidha, sakafu mbili zilizomwagwa nyakati tofauti huachana kwa ufa palepale zinapokutana. Ubao uliolazwa juu ya matofali huficha ufa huo, huchukua msuguano wa miguu na, ukichakaa, huondolewa ukawekwa mwingine bila kubomoa sakafu. Ubao huo ndio kizingiti kinachozungumziwa hapa.

4.0 Hatua za kazi na lugha yake

Sehemu hii inaeleza kazi yenyewe kwa mfuatano, na katika kila hatua inaonyesha mahali ambapo lugha huhitaji uangalifu.

4.1 Kupima

Fundi hupima nafasi ya mlango mara tatu: usoni mwa ukuta, katikati ya unene wake, na upande wa pili. Sababu ni kwamba ukuta uliokatwa kwa nyundo na tindo haunyooki, na kipimo kimoja hudanganya. Ubao hukatwa kufuata kipimo kikubwa, kisha huchongwa pale panapobana.

Hatua hii huleta mgongano wa maneno ambao vitabu vya mafunzo havina budi kuutaja mapema. Urefu wa kizingiti ni upana wa mlango. Upana wa kizingiti ni unene wa ukuta. Unene wa kizingiti ndio unaozaa kimo chake juu ya sakafu. Kwa mfano, mlango wenye upana wa milimita 800 katika ukuta wenye unene wa milimita 150 huhitaji ubao wenye urefu wa takriban milimita 800 na upana wa milimita 150. Maneno matatu, yaani urefu, upana na unene, hubadilishana nafasi mara tu macho yanapohama kutoka mlangoni kwenda kwenye ubao. Agizo la kupima upana bila kutaja upana wa kitu gani halijakamilika.

Kuna pia suala la vipimo. Mbao huuzwa kwa kutajwa kwa inchi, mathalani moja kwa sita, ilhali vitabu hutumia milimita. Ubao wa inchi moja kwa sita ni sawa na milimita 25 kwa 152 kabla ya kupigwa randa. Baada ya randa hupungua. Anayepokea ubao uliokwisha kulainishwa akidhani una milimita 25 kamili atakuta kizingiti kimekaa chini ya matarajio yake.

4.2 Kutengeneza kitako

Matofali yaliyolegea huondolewa, na vumbi husuguliwa kwa brashi. Kisha matofali hunyunyiziwa maji. Tofali la kuchoma lililo kavu hunyonya maji ya mchanganyiko wa saruji kabla saruji haijapata nafasi ya kushika, na tabaka lililowekwa juu yake huja kubanduka. Baada ya hapo huwekwa tabaka jembamba la saruji na mchanga, kwa kipimo cha moja kwa nne, likasawazishwa kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana. Tabaka hilo huachwa kwa siku kadhaa likinyunyiziwa maji. Fundi mwenye haraka hulaza ubao siku hiyo hiyo, na unyevu wote wa saruji huingia katika mti.

Hapa lugha ina pengo. Sehemu hii ya matofali na saruji inayobeba ubao haina jina moja lililoenea. Huitwa msingi, jambo linaloichanganya na msingi wa nyumba, au huitwa kizingiti pia, jambo linalozidisha maana za neno lililokwisha kulemewa. Makala haya yanaiita kitako cha kizingiti, kwa kuwa neno kitako limezoeleka kwa sehemu ambayo chombo hukalia.

4.3 Kuuandaa ubao

Ubao unaofaa ni wa mti mgumu uliokauka, kama mninga, mkongo au mvule. Msonobari ni wa bei nafuu zaidi, lakini huhitaji kutiwa dawa kwa sababu ya mchwa na huchakaa upesi kwa miguu. Ukavu ni muhimu kuliko aina ya mti. Ubao mbichi uliokazwa leo utapinda au kupasuka ukikauka ndani ya nyumba.

Jambo moja la kitaalamu linafaa kufafanuliwa, kwa sababu hueleweka visivyo mara nyingi. Mti ukinyonya unyevu huvimba kwa upana wake na kwa unene wake, lakini urefu wake hubadilika kidogo sana. Kwa hiyo nafasi ya milimita mbili au tatu inayoachwa kila ncha ya kizingiti haikusudiwi kuupa ubao nafasi ya kurefuka. Inakusudiwa kuzitenga ncha zake na plasta ya ukuta, kwa kuwa ncha iliyokatwa hunyonya maji kuliko uso wa ubao. Ncha hizo, pamoja na upande wa chini, hupakwa rangi au mafuta kabla ya ubao kulazwa. Baina ya ubao na kitako huwekwa kipande cha nailoni nzito ili unyevu unaopanda ndani ya matofali usiufikie mti.

4.4 Kulaza na kukaza

Ikiwa fremu imekwisha kuwekwa, ncha za chini za miimo hukatwa kwa msumeno uliolazwa juu ya kipande cha ubao chenye unene ule ule, ili kizingiti kiingie chini yake. Ubao hujaribiwa kwanza bila kukazwa. Ukicheza, kasoro imo katika kitako, na ndicho cha kurekebisha. Kuulazimisha ubao kwa skrubu hadi ukae ni kuupinda.

Matundu hutobolewa kwa keekee kupita kwenye ubao hadi kwenye matofali. Yafaa yaingie katika mwili wa tofali. Kiungo cha saruji baina ya tofali na tofali huwa dhaifu, na fisha iliyotiwa humo hulegea. Skrubu hupangwa katika mstari mmoja katikati ya upana wa ubao, ili kingo zote mbili ziwe huru kuvimba na kusinyaa. Misumari ya zege huokoa muda, lakini huweza kulipasua tofali la kuchoma, na ubao hauondoleki tena bila kuharibiwa. Vichwa vya skrubu huzamishwa chini ya uso wa ubao. Kingo za juu huchongwa mshazari kwa randa, na mwisho ubao hupigwa msasa na kupakwa mafuta au vanishi.

Katika hatua zote hizi hapana agizo hata moja linaloweza kufuatwa kwa usalama na mtu anayedhani kwamba kizingiti ni sehemu ya juu ya mlango. Hata hivyo, maagizo mengi miongoni mwake, kama kupima, kukata, kukaza na kuzamisha vichwa vya skrubu, yangesomeka vizuri kabisa kwa maana hiyo potofu. Msomaji angeligundua kosa akiwa ameshakata ubao.

5.0 Kizingiti, maji na mguu wa mtu

Imeonyeshwa katika (3) kwamba mwenye nyumba alikitambulisha kizingiti kwa maji. Mlimani Igogo jambo hilo halishangazi. Wakati wa mvua za vuli na masika maji huteremka juu ya miamba kwa kasi, na yakiingia chumba cha juu hutafuta njia ya kwenda cha chini kwa kupitia mlango wa ndani. Kizingiti kilichoinuka huyachelewesha. Hakiyaondoi, kwa kuwa dawa ya maji hayo ni mfereji upande wa juu wa nyumba, lakini huwapa watu muda wa kuinua magodoro.

Hapa maana ya pili iliyorekodiwa na Madan na Johnson inapata uzito. Kizingiti cha mtoni ni kitu kinacholala chini kikakatiza mkondo. Hakining'inii juu ya maji. Hali kadhalika maana ya kistiari inayotumika sana katika magazeti, pale vizingiti vinaposemwa kuwa vikwazo vya maendeleo au vya amani, inatokana na kitu kinacholala njiani. Vikwazo hivyo huvukwa, hurukwa au huondolewa. Vitenzi vyote vitatu ni vya mguu na njia. Haielekei kwamba stiari hiyo ilianzia kwenye boriti iliyo juu ya mlango, kwa kuwa boriti hiyo haimzuii apitaye isipokuwa mrefu.

Basi ushahidi wa maana tandazi unaelekea upande mmoja. Kizingiti cha mto, kizingiti cha magazetini na kizingiti cha mlango wa chini vinashiriki sifa moja ya msingi: kitu kinachokatiza njia kwa kulala chini yake. Kizingiti cha juu peke yake ndicho kisichoshiriki. Kimebakia katika neno hili kwa sababu ya umbo lake, yaani kuwa kipande cha mlalo katika fremu yenye pande nne, bila kushiriki dhana hiyo.

Sifa hiyo ya kukatiza njia ina pande mbili. Kinachozuia maji humzuia pia mtu. Mzee anayeamka usiku, mtoto anayetambaa na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hukutana na kimo kile kile kilichowekwa kwa ajili ya mvua. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, Na. 9 ya mwaka 2010, imelifanya suala la kuingia na kupita katika majengo kuwa suala la haki. Nchini Marekani, kanuni za mwaka 2010 za majengo yanayofikika zinataka kizingiti cha mlango kisizidi milimita 13 hivi, na kinachozidi milimita 6 kichongwe mshazari. Kipimo hicho si sheria ya Igogo, wala nyumba ya mlimani yenye sakafu zilizoachana haiwezi kukifuata kila mara. Kinatoa funzo hata hivyo: kimo cha kizingiti ni jambo la kuamuliwa kwa makusudi, kikiandikwa kwa tarakimu, na tofauti ya sakafu inayozidi hapo yafaa ibebwe na mteremko mfupi wa zege kuliko kuachiwa ubao. Maelekezo yasiyokitaja kimo hicho huachia bahati iamue nani atajikwaa.

6.0 Mapendekezo ya istilahi

6.1 Mgawanyo uliokwisha kufanyika

Katika ujenzi wa Tanzania sehemu iliyo juu ya mlango imekwisha kupata jina jingine. Mafundi husema linta, nao humaanisha mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha na kuzunguka kuta. Ni jambo la kuangaliwa kwamba linta si kizingiti cha juu kilichobadilishwa jina. Kizingiti cha juu kilikuwa kipande cha mlango, ilhali linta ni sehemu ya ukuta mzima. Mabadiliko ya ujenzi yamekiondoa kitu chenyewe mahali pake, na neno likabaki bila wa kumwita. Pale ambapo ukuta wa zamani hauna mkanda huo, mlango mpya hubebwa na boriti fupi, na neno boriti linatosha.

6.2 Istilahi zinazopendekezwa

Kwa kuzingatia usahihi, ufupi, uzoefu wa watumiaji na mfumo wa dhana, inapendekezwa yafuatayo:

(4) a. kizingiti: kipande cha mti, jiwe au zege kinacholala chini ya nafasi ya mlango kutoka mwimo hadi mwimo;
    b. kitako cha kizingiti: tabaka la matofali au saruji linalobeba kizingiti;
    c. kimo cha kizingiti: umbali kutoka uso wa sakafu hadi uso wa juu wa kizingiti, ukipimwa kwa kila chumba peke yake;
    d. mwimo (miimo): kipande cha wima cha fremu;
    e. boriti ya mlango: kipande kimoja kinachobeba ukuta juu ya nafasi ya mlango;
    f. linta: mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha kuzunguka nyumba.

6.3 Hoja za upinzani

Hoja ya kwanza yaweza kutoka kwa wataalamu wa sanaa za pwani, kwamba pendekezo (4a) linalinyang'anya neno historia yake. Hofu hiyo haina msingi. Istilahi ya ufundi haifuti matumizi ya kihistoria, na anayeeleza mlango wa Lamu ataendelea kusema kizingiti cha juu, kwa kuwa kitu hicho kipo pale na kina jina lake. Kinachotakiwa ni kwamba neno kizingiti lisilo na sifa lisitumike kwa sehemu ya juu katika maandishi ya mafunzo.

Hoja ya pili ni kwamba linta ni neno la mkopo. Ni kweli, lakini karakana yenyewe imejaa mikopo: msumari na bawaba yalitoka Kiarabu, na skrubu yalitoka Kiingereza. Kukataa linta na kuendelea na kizingiti cha juu ni kuchagua neno la asili linalotaja kitu kingine.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba kizingiti cha chini na kizingiti cha juu ni jozi iliyo wazi na yenye ulinganifu, na kwa hiyo bora kuliko maneno yasiyofanana. Udhaifu wa jozi hiyo ni kwamba inamtegemea mwandishi asisahau sifa. Katika sentensi ya pili au ya tatu ya maelekezo sifa hudondoshwa, kama ilivyo desturi ya lugha, na utata hurejea palepale ulipofukuzwa. Istilahi nzuri hailindwi na kumbukumbu ya mwandishi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno kizingiti, likitumika kwa sehemu mbili za mlango, hufaulu katika mazungumzo na kushindwa katika maelekezo yaliyoandikwa. Kushindwa huko hakutokani na umaskini wa Kiswahili. Kazi nzima ya kupima, kutengeneza kitako, kuandaa ubao na kuukaza imeelezwa kwa maneno ambayo yapo na yanatumika, na pengo moja lililoonekana limezibwa kwa neno la kila siku. Tatizo limo katika kuusoma mlango kutoka kwenye kamusi, ilhali kamusi ndiyo iliyopaswa kusomwa ukiwa mlangoni.

Yafaa uchunguzi wa namna hii uendelezwe kwa sehemu nyingine za nyumba, hususan paa na ngazi, ambako vitu vya kale na vya kisasa vinagombea maneno yale yale. Yafaa pia ufanywe katika miji mbalimbali, kwa sababu mlango wa mlimani Mwanza unamdai fundi mambo ambayo mlango wa tambarare haumdai. Kwa sasa inatosha kukumbuka kwamba ubao mmoja wa urefu wa milimita 800, ukiandikiwa maelekezo sahihi, huzuia maji ya masika na huacha mguu wa mzee upite salama usiku. Mwanaisimu anayelipa neno maana moja ana sehemu yake katika kazi hiyo.